Ultrasaundi ya Viungo na Misuli: Picha Inapotangulia Swali

Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ambayo kila mwenye maumivu ya bega angefaa kuyasikia kabla ya kupakwa jeli na kuwekewa probu, kile kifaa cha ultrasaundi kinachoshikwa mkononi na kuwekwa juu ya ngozi. Waliwachukua wanaume 51 wenye umri wa miaka 40 hadi 70, wote wakiwa hawana maumivu ya bega, wakawapima kwa ultrasaundi. Katika asilimia 96 ya mabega hayo walikuta kasoro ya aina fulani: kifuko cha ute kilichonenepa, kiungo kidogo cha juu ya bega kilichochakaa, kano iliyodhoofika, na kwa baadhi yao kano iliyochanika kwa sehemu. Watu hao hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wazima waliofikia umri ambao bega huanza kuonyesha alama za matumizi, kama vile kichwa kinavyoanza kuota mvi.

Naanzia na utafiti huo kwa sababu matumizi ya ultrasaundi katika maradhi ya viungo na misuli yamekua haraka kuliko busara ya kuyatumia. Mashine zimekuwa ndogo, nyingine zinaingia mfukoni na kuunganishwa na simu, na mgonjwa huona amehudumiwa vizuri zaidi akipigwa picha kuliko akihojiwa kwa robo saa na kuinuliwa mkono huku na huku. Ripoti inatoka ikisema kwamba kano ya juu ya bega imechanika kwa sehemu, na kuanzia hapo maumivu yamepata jina, mgonjwa amepata hofu, na daktari amepata kitu cha kutibu. Kama mchaniko huo ulikuwapo miaka mingi kabla ya maumivu kuanza, picha haiwezi kusema. Inachoonyesha ni umbo la tishu kwa wakati ule. Sababu ya maumivu ni hitimisho ambalo mtu hulifikia kwa kuiweka picha kando ya maelezo ya mgonjwa na uchunguzi wa mikono.

Msimamo wangu, basi, ni kwamba ultrasaundi ni chombo bora sana cha kujibu swali lililokwisha kuulizwa, na ni chombo cha hatari kiasi pale kinapotumwa kwenda kutafuta ugonjwa popote utakapopatikana. Tofauti hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo iliyo chini ya sehemu kubwa ya ubishi uliopo kuhusu teknolojia hii, katika uchunguzi na katika tiba pia.

Jinsi inavyofanya kazi si siri. Probu hutuma mawimbi ya sauti yaliyo juu mno ya upeo wa sikio la binadamu, ambao ni takriban hezi 20,000. Kwa viungo na misuli hutumika kwa kawaida megahezi 5 hadi 18. Mawimbi hayo hupita katika tishu laini kwa kasi ambayo mashine huikadiria kuwa mita 1,540 kwa sekunde, hugonga mipaka baina ya tishu moja na nyingine, sehemu yake hurudi, na mashine hutumia muda wa kurudi kwake kukokotoa kina. Masafa ya juu huleta picha kali lakini hayafiki mbali. Ndiyo maana kano ya kidole huonekana kwa undani wa kushangaza, ilhali kiungo cha nyonga cha mtu mwenye mwili mkubwa hubaki ukungu. Mfupa nao hurudisha karibu mawimbi yote, kwa hiyo uso wake ni mstari mweupe na nyuma ya mstari huo ni giza. Kwa sababu hiyo moja tu, uboho, ligamenti za katikati ya goti na sehemu kubwa ya gegedu iliyofichwa kati ya mifupa haziko katika uwezo wa mashine hii. Mchezaji aliyejipinda goti, akasikia mlio ndani yake, kisha goti likavimba katika muda wa saa chache, hatapata jibu lake hapa, hata probu iwe mikononi mwa nani.

Kuna mtego ambao wanaojifunza kazi hii hunaswa nao mapema. Kano imejengwa kwa nyuzi nyingi zilizolala sambamba. Probu ikiielekea kwa pembe mraba, nyuzi hizo hurudisha sauti moja kwa moja na kano hung'aa, imejaa mistari myembamba iliyopangana. Probu ikiinama digrii chache tu, mawimbi hurudi upande mwingine, na kano ileile iliyo nzima hugeuka nyeusi skrinini, karibu sawa kabisa na kano iliyochanika. Mtaalamu mzoefu huinamisha mkono mbele na nyuma, polepole, kabla ya kuamini weusi anaouona; ukitoweka, kano ni nzima; ukibaki, anageuza probu na kuitazama kano kwa mhimili mwingine. Ni mzunguko mdogo wa kifundo cha mkono, hauchukui hata dakika, na hauandikwi katika ripoti. Hata hivyo anayeletewa picha zilizohifadhiwa tu hana njia ya uhakika ya kujua kama ulifanyika. Hapo ndipo ultrasaundi inapotofautiana na eksirei na MRI, ambazo mtaalamu wa pili anaweza kuzisoma upya akiwa mbali na kufikia uamuzi wake mwenyewe. Katika ultrasaundi sehemu kubwa ya uchunguzi hupita pamoja na mwendo wa mkono, na kinachobaki ni picha chache ambazo mpigaji alichagua kuziweka.

Ikipata mkono wenye ujuzi na swali lililo wazi, mashine hii ina mambo inayoyafanya vizuri kuliko nyingine yoyote. Historia yake yenyewe inathibitisha. Mwaka 1972 Daniel McDonald na George Leopold waliandika kuhusu matumizi yake kwa wagonjwa waliovimba mguu, ambao daktari hakuweza kwa macho kujua kama wana damu iliyoganda ndani ya mshipa au kifuko cha ute kilicho nyuma ya goti. Angalia jinsi swali hilo lilivyokaa. Majibu yalikuwa mawili, kila moja lilikuwa na tiba yake, na kukosea kulikuwa na gharama, kwa kuwa dawa za kuzuia damu kuganda zinazomfaa wa kwanza zinaweza kumvujisha wa pili damu ndani ya msuli, ikiwa kifuko chake kimepasuka. Kipimo kilichoweza kutenganisha mambo hayo mawili bila kumchoma mtu wala kumpitishia mionzi kilikuwa na thamani tangu siku ya kwanza.

Mfano mwingine ni mtoto mwenye homa anayekataa kukanyaga mguu mmoja. Swali ni kama kiungo cha nyonga kina majimaji, na ultrasaundi hulijibu kwa dakika chache. Haiwezi kusema kwa kutazama tu kama majimaji hayo ni usaha au ni ute wa uvimbe utakaopoa wenyewe, lakini inaweza kuongoza sindano hadi yalipo, yakavutwa na kupelekwa maabara, na kiungo kilichojaa usaha si cha kusubiri kesho.

Tena kuna maradhi yanayoonekana pale tu kiungo kinapotembea. Mtu anasema, «kuna kitu kinaruka nikikunja kiwiko». Akilala ndani ya mashine ya MRI mkono umenyooka, kila kitu kiko mahali pake. Ukiweka probu upande wa ndani wa kiwiko na kumwambia akunje polepole, unaiona neva ikipanda juu ya nundu ya mfupa, ikisita, kisha ikivuka ghafla. Na mgonjwa, palepale, anasema «hapo». Kano za pembeni mwa kifundo cha mguu nazo huruka vivyo hivyo mtu anapozungusha unyayo. Sijui kipimo kingine ambacho mgonjwa na mpimaji huona jambo moja kwa wakati mmoja namna hiyo, na nadhani faida hii haitajwi vya kutosha na wanaoisifu mashine kwa ubora wa picha peke yake.

Jongo ni eneo jingine lenye mafanikio. Fuwele za asidi ya yuriki hutanda juu ya uso wa gegedu, na skrinini huonekana mstari mweupe wa pili ukiambatana na ule wa mfupa. Vigezo vya kuainisha jongo vilivyotolewa mwaka 2015 na vyama vya wataalamu wa viungo vya Marekani na Ulaya viliitambua alama hiyo. Kwa mgonjwa ambaye kiungo chake hakitoi ute wa kutosha kupimwa kwa hadubini, hilo ni jambo kubwa.

Baridi yabisi inahitaji maelezo zaidi, maana hapo ndipo matumaini yalipokwenda mbele ya ushahidi. Kwa kutumia Doppler, namna ya ultrasaundi inayoonyesha mwendo wa damu, mtaalamu huona damu ikitiririka ndani ya utando wa kiungo uliovimba, hata pale vidole vya daktari vinaposema kiungo kimetulia. Mantiki iliyofuata ilionekana haina dosari: ikiwa uvimbe uliofichika unaendelea kula mfupa, basi tuongeze dawa hadi skrini nayo itulie. Majaribio mawili yaliiweka mantiki hiyo mizanini, moja la Scotland lililoitwa TaSER na jingine la Norway lililoitwa ARCTIC, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2016. Wagonjwa wenye ugonjwa ulioanza karibuni waligawanywa kwa nasibu. Kundi moja liliongozwa na ultrasaundi pamoja na uchunguzi wa kawaida, jingine likaongozwa na uchunguzi wa kawaida peke yake, na makundi yote yalifuatiliwa kwa karibu na kubadilishiwa dawa bila ajizi. Katika malengo makuu ya majaribio hayo, walioongozwa na skrini hawakuwa bora kuliko wenzao.

Wapo waliolipokea hilo kama kushindwa kwa ultrasaundi, nami naona wamelisoma vibaya. Kilichoshindwa ni wazo kwamba kila chembe ya damu inayoonekana ni amri ya kuongeza dawa. Mahali ambapo swali bado liko wazi, kipimo kinabaki na kazi yake. Mgonjwa mwenye maumivu ya viungo vingi ambaye daktari hana hakika kama ana uvimbe wa kweli. Au yule ambaye ametumia dawa kali kwa mwaka mzima, bado analalamika, na ultrasaundi inaonyesha viungo vimetulia kabisa: huyo wa pili hahitaji dawa kali zaidi, anahitaji mtu wa kutafuta chanzo kingine cha maumivu yake.

Tuje kwenye tiba, na kwanza sindano. Kuitazama kazi hii ikifanywa vizuri kunavutia. Sindano huingia kwa pembe ya chini, ikifuata urefu wa probu, ili ionekane yote kama mstari mweupe kutoka chini ya ngozi hadi nchani. Ikienda kando kwa milimita moja au mbili mstari unakatika, na mwenye busara husimama, haendelei kwa kubahatisha. Kabla ya dawa yenyewe husukumwa ganzi kidogo, na mtaalamu hutazama inafungukia wapi: ikifungua nafasi nyeusi ndani ya kifuko, yuko mahali pake, ikivimbisha nyuzi za kano, anarudi nyuma, kwa sababu steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ikiwa ndani ya kano ni jambo la kuepukwa.

Kwamba sindano inayoongozwa hufika ilikokusudiwa mara nyingi zaidi kuliko ile ya kukisia kwa vidole halina mzozo mkubwa. Swali la mgonjwa ni jingine: je, nitapona vizuri zaidi? Kwa bega, jibu linakatisha tamaa. Mapitio ya mwaka 2021 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya majaribio yaliyolinganisha sindano za steroidi zinazoongozwa kwa picha na zile zisizoongozwa, yakahitimisha kwamba uongozi wa picha huenda hauna faida ya maana, au ni ndogo sana, kwa maumivu na kwa utendaji wa bega. Kabla ya hapo, mwaka 2009, watafiti wa Norway walikwenda mbali zaidi. Waliwagawa wagonjwa 106 wa bega: kundi moja lilichomwa steroidi begani kwa uongozi wa ultrasaundi, jingine likachomwa steroidi takoni. Baada ya wiki 6 tofauti kati yao haikuwa ya maana. Msomaji anaweza kucheka, lakini matokeo hayo yanaeleza jambo zito, kwamba dawa inayosambaa mwilini na kufanya kazi popote ilipochomwa haiongezewi nguvu na usahihi wa milimita.

Kuna mahali ambapo milimita hizo zina uzito wake. Nyonga iko ndani sana na mishipa mikubwa iko jirani. Viungo vya vidole ni vidogo mno. Neva ya kifundo cha mkono haiachi nafasi ya kukosea. Na kifuko kinachotakiwa kutolewa majimaji lazima kwanza kipatikane. Hapo ningependa mwongozo wa picha uwe ndio kawaida. Ila kumtoza mgonjwa gharama ya ziada kwa kila sindano ya bega, kwa hoja kwamba ni ya kisasa zaidi, ni biashara iliyovaa joho la sayansi.

Uoshaji wa chokaa ya bega ni somo la aina yake. Sindano huchomwa katika bonge la chokaa lililo ndani ya kano, maji ya chumvi husukumwa na kuvutwa, na bomba la sindano hujaa wingu jeupe ambalo mgonjwa huonyeshwa. Nani angeweza kutilia shaka tiba ambayo ugonjwa wenyewe unaonekana ukitoka? Jaribio lililochapishwa mwaka 2023, lililofanyika katika hospitali za Norway na Sweden kwa wagonjwa 220, lililinganisha uoshaji wa kweli ulioambatana na steroidi, uoshaji wa kuigiza ulioambatana na steroidi, na uoshaji wa kuigiza bila steroidi. Baada ya miezi 4, kipindi kilichokuwa kimepangwa kuwa kipimo kikuu, uoshaji wa kweli haukuwazidi wenzake. Wagonjwa wa makundi yote walipata nafuu, jambo linaloeleza kwa nini kila anayefanya tiba hii ana orodha ndefu ya waliopona mikononi mwake.

Urahisi nao una hatari yake. Mtaalamu anayeweza kufika ndani ya goti kila anapotaka anashawishika kurudi humo. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2017 liliwachoma wagonjwa wa goti lililochakaa steroidi kila baada ya wiki 12 kwa miaka 2. Gegedu yao ilipungua zaidi kuliko ya waliochomwa maji ya chumvi, na maumivu hayakutofautiana. Sindano za chembe sahani za damu, zinazouzwa kwa bei ya juu na karibu kila mara pamoja na ahadi ya uongozi wa picha, hazijafanya vizuri zaidi katika majaribio makini. Kwa kano ya kisigino zilishindwa kuyazidi maji ya chumvi katika utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2010, na kwa goti lililochakaa katika utafiti wa Australia wa mwaka 2021. Sindano kufika mahali sahihi hakuifanyi dawa isiyofaa ianze kufaa.

Imebaki ultrasaundi ya tiba, ile ambayo haitoi picha yoyote. Kichwa cha chuma huzungushwa juu ya ngozi kwa dakika 5 hadi 10, kwa kawaida kikitoa megahezi 1 au 3, kwa nia ya kupasha tishu joto na kuchochea uponaji. Imetumika katika vyumba vya fiziotherapia kwa miongo mingi, na wagonjwa wengi huichanganya na ile ya uchunguzi, kiasi kwamba sifa za moja huhamia kwa nyingine bila jasho. Ushahidi wake ni mwembamba. Mahali pamoja palipoonekana na tumaini ni chokaa ya bega: jaribio la Austria la mwaka 1999 lilionyesha kwamba waliopewa vipindi 24 walipata nafuu zaidi mwishoni mwa matibabu kuliko waliopewa tiba ya kuigiza, lakini miezi 9 baada ya kuanza tofauti ya maumivu ilikuwa imefifia. Kwa maumivu mengi mengine ya misuli na kano, mapitio yaliyofanywa kwa uangalifu hayakukuta sababu nzuri ya kuitegemea.

Aina yake dhaifu sana, inayowekwa juu ya mfupa uliovunjika kwa dakika 20 kila siku, iliwahi kuaminiwa na madaktari wengi wa mifupa. Jaribio la TRUST, lililochapishwa mwaka 2016 na kuhusisha wagonjwa 501 wa Kanada na Marekani waliovunjika mfupa wa muundi na kufanyiwa upasuaji, halikuona mfupa ukiunga haraka zaidi wala mgonjwa akirudia shughuli zake mapema. Mwaka uliofuata jopo la wataalamu lilitoa pendekezo kali dhidi ya matumizi yake. Sina ugomvi na joto linalomtuliza mtu kwa dakika chache. Ugomvi wangu ni na saa ya fiziotherapia ambayo nusu yake inaishia chini ya kichwa cha chuma, wakati mazoezi ya kuimarisha msuli, ambayo mgonjwa alihitaji kufundishwa na kusahihishwa, yanabaki kwenye karatasi ya kwenda nayo nyumbani.

Wapo wanaopendekeza kwamba tatizo la picha zinazotisha litatuliwe ndani ya ripoti: chini ya kila kasoro iandikwe ni watu wazima wangapi wa umri huo wanaoishi nayo bila maumivu. Wazo ni zuri, na kwa mgongo limejaribiwa Marekani kwa watu zaidi ya 200,000 waliopigwa picha za aina mbalimbali. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba maelezo hayo hayakupunguza matumizi ya huduma za mgongo kwa jumla. Badiliko lililoonekana lilikuwa dogo, katika maagizo ya dawa za maumivu za jamii ya afyuni. Picha ikishapigwa, inaonekana, mwendo umekwisha kuanza, na mstari mmoja wa tahadhari hauuzuii.

Kwa hiyo naona pa kushika ni kwenye fomu ya kuomba kipimo. Fomu inayosema «bega linauma, tafadhali pima» imempa mpimaji ruhusa ya kurudi na chochote. Fomu inayosema kwamba mgonjwa wa miaka 62 ameanguka wiki iliyopita, tangu hapo hawezi kuinua mkono kwa nguvu zake ingawa ukiinuliwa na mwingine unakwenda, na kwamba daktari anataka kujua kama kano imekatika yote ili aamue kumpeleka kwa mpasuaji au la, imempa kazi yenye mwanzo na mwisho. Idara zinazopima viungo zingefaa kuweka nafasi ya swali hilo juu kabisa ya fomu, na kumpa mpimaji mamlaka ya kuirudisha kwa daktari ikiwa nafasi hiyo iko wazi.